Neno la Kiingereza Linapokataa: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Wanaoandikia Goma

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri ripoti fupi kuhusu nishati ya kupikia katika kambi moja iliyokuwa magharibi mwa Goma. Sentensi yenyewe ilikuwa nyepesi: kila familia hununua makala kwa vipimo vidogo vidogo, kwa kuwa bei ya gunia zima haifikiki. Niliandika “coal”, nikaendelea na ukurasa uliofuata. Siku mbili baadaye msomaji aliyekuwa London aliuliza kama kuna mgodi karibu na kambi, na kama wakazi wanachimba kwa kibali. Nilikuwa nimemwandikia makaa ya mawe, ilhali kinachouzwa kando ya barabara ya Sake ni makala ya miti, ambayo kwa Kiingereza ni “charcoal”. (Msomaji wa Dar es Salaam anivumilie: kwetu makala huwashwa, hayasomwi.) Kosa halikuanzia kwenye Kiswahili, wala halikuanzia kwenye Kiingereza. Lilianzia njiani. Kichwani mwangu makala yalikuwa yamekwisha kugeuka «charbon», na «charbon» ya mazungumzo ya kila siku haisemi kama ni ya mti au ya mgodi.

Wengi wetu tunaoandika Kiingereza hapa Goma, tuwe wakalimani, wakusanyaji wa taarifa, waongoza watalii au wanafunzi, tulifundishwa lugha hiyo na walimu waliotueleza kila neno kwa Kifaransa. Kwa hiyo neno linapokataa, haitoshi kufungua kamusi na kuchukua lingine. Fundi wa pikipiki hafungui injini kabla ya kusikiliza inavyolia. Na sisi inatupasa kwanza tujue neno limeharibikia wapi. Nimeona mahali patatu: maana inaweza kuwa haijaamuliwa katika Kiswahili chenyewe, inaweza kuwa imepotoka ilipopita kwenye Kifaransa, au imefika salama lakini imewekwa kati ya majirani wasioielewa. Kila mahali pana dalili zake.

Msomaji ameelewa, lakini ameelewa kitu kingine

Dalili hii ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu haina kelele. Sentensi haina kosa la sarufi, msomaji haulizi kitu, na makosa huonekana baada ya wiki nzima, wakati malori hayakuja au yamekuja na kisichohitajika.

Chanzo chake karibu kila mara ni yale maneno ambayo walimu wetu waliyaita «faux amis», marafiki wa uongo. Orodha zake zimejaa katika vitabu vya shule, na kila mtu anajua kwamba «librairie», duka la vitabu, si “library”. Yanayotudhuru kazini si hayo ya orodha ya shule. Ni yale tunayoyatumia mara ishirini kwa siku bila kuyatazama. Afisa anasema kwa Kifaransa kwamba vyakula vitagawiwa «éventuellement», yaani huenda vikagawiwa, ikiwezekana. Mtafsiri anaandika “eventually”, na msomaji anasoma ahadi: hatimaye vitagawiwa, ni suala la muda tu. Shirika dogo la akina mama linaandika barua ya kuomba mablanketi, «nous demandons», na katika Kiingereza linageuka kundi linaloshurutisha, kwa sababu “demand” si kuomba, ni kudai kwa ukali. Watu waliopoteza nyumba kwa lava mwaka 2002, ambao mji mzima uliwaita «sinistrés», niliwahi kuwaona katika rasimu moja wakiitwa “sinister”, neno ambalo humstahili mtu mwenye nia mbaya ya kuogofya. «Animateur» anayezunguka mtaani na kipaza sauti akieleza habari za kipindupindu akawa “animator”, mchoraji wa katuni. «Responsable» wa kambi akawa “the responsible”, maneno ambayo Mwingereza hawezi kuyatumia peke yake kumtaja mtu. Yeye husema “the person in charge”, au “the head”. Na «délai» ya siku kumi, ambayo ni muda uliotolewa, ikawa “delay” ya siku kumi, yaani ucheleweshaji, lawama iliyotupwa kwa mtu asiye na kosa.

Kipimo cha kuthibitisha chanzo hiki ni rahisi kukitaja na kigumu kukifanya: isome sentensi ya Kiingereza, kisha iseme tena kwa Kiswahili kitupu, bila chembe ya Kifaransa ndani yake. Nasema ni kigumu kwa sababu Kiswahili chetu cha Goma kimejaa «donc» (basi) na «il faut» (lazima), na mdomo huteleza wenyewe. Lakini kinalipa. Ukilazimika kusema “huenda vyakula vikagawiwa” badala ya “hatimaye vyakula vitagawiwa”, utaona mara moja kwamba Kiswahili kimekwisha kutenganisha kile ambacho Kifaransa na Kiingereza vilikuchanganyia. Hapo “possibly” au “may” huja yenyewe. Katika kazi yangu nimekuta kwamba sehemu kubwa ya makosa ya namna hii hufa katika hatua hiyo moja, kabla hata kamusi haijafunguliwa.

Kamusi imetoa maneno matano na yote yanaonekana sawa

Hapa Kifaransa hakina hatia. Chanzo ni kwamba neno letu ni pana, Kiingereza kimeligawa, na mpaka wa kila kipande ni jambo ambalo sentensi yetu haikulisema. Kamusi haiwezi kukuamulia, kwa kuwa haikuwapo.

Tuchukue sentensi ambayo kila anayeandika taarifa za ulinzi wa raia hapa amekutana nayo: “Walimkamata njiani akitoka shambani.” Katika Kiswahili chetu kukamata ni kupana zaidi kuliko kwa majirani zetu wa mashariki, maana sisi hukamata mzigo, hukamata pesa mkononi, hukamata mtoto tumvushe barabara. Ukitafuta kwenye kamusi utapewa “catch”, “take”, “seize”, “arrest”, “capture”, na zilizo kubwa zitaongeza mengine. Mtafsiri mwenye haraka huchukua “arrest”, kwa sababu ndilo linalofanana na lugha ya ripoti. Lakini “arrest” ni kitendo cha mwenye mamlaka ya sheria. Ukiandika kwamba watu wenye silaha wasiojulikana “arrested” mkulima, umewavalisha sare. Kinyume chake, “abduct” ni kumchukua mtu kwa nguvu au kwa hila bila haki yoyote; ukiliandika juu ya polisi waliokuwa na hati ya mahakama, umewavua sare hiyo na kuwafanya majambazi. “Kidnap” linakaribiana nalo, ila msomaji atasubiri kusikia habari za fedha za kumkomboa, na hapa Goma tumezoea kusema «kidnapping» hata pale ambapo hakuna aliyedai hata senti. “Capture” ni la vita: hutekwa mpiganaji, hutekwa mji. “Detain” halitazami sana dakika ya kushikwa, linatazama muda wa kuzuiliwa, uwe wa saa tatu au wa miezi mitatu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si “neno lipi ni zuri”, bali ni maswali manne ya kumuuliza aliyesimulia: ni akina nani, kwa mamlaka gani, walitaka nini, na alikaa mikononi mwao muda gani. Sentensi hiyohiyo niliwahi kuifikishia mwisho wake kwa simu. “Mama, samahani kukusumbua, wale waliomkamata walikuwa akina nani?” Akajibu bila kusita: “Papa, ni polisi tu. Walitaka kitambulisho, hakuwa nacho, wakamwacha jioni.” Nilikuwa nimekwisha kuandika “abducted”. Ilikuwa “detained for several hours”, na tofauti ya hizo mbili ingeweza kupandisha eneo zima rangi nyekundu kwenye ramani ya mtu aliye mbali.

Na kama msimulizi hapatikani? Basi usimchagulie. Andika neno pana kama lake: “was taken”, “they took him away”. Wapo wanaoona kwamba neno pana ni udhaifu wa mtafsiri. Mimi naona kwamba neno finyu lililokisiwa ni uongo, hata likiwa na sauti nzuri.

Kundi hili lina jamaa wengi. «Barrière» ya barabarani inaweza kuwa “roadblock”, kizuizi kilichowekwa kuifunga njia, ambacho hata vijana wenye kamba wanaweza kukiweka, au “checkpoint”, ambalo huashiria mahali pa ukaguzi, penye kitu kinachofanana na utaratibu. “Barrier” peke yake ni kizuizi chochote, hata ukuta. Kuiba nako kumegawanyika, na mgawanyo wake hufuata kinachotajwa baada ya kitenzi: “steal” huhitaji kitu kilichochukuliwa, “rob” humhitaji mtu au mahali palipochukuliwa kitu, na “loot” ni la vurugu, pale watu wengi au askari wanapoingia madukani kwa kuwa hakuna wa kuwazuia. Usalama nao ni viwili. Kofia ngumu ya dereva wa pikipiki ni “safety”, mlinzi wa getini ni “security”. Kipimo changu ni kujiuliza kama katika hatari hiyo kuna mtu mwenye nia ya kudhuru. Kwenye ajali, moshi na maji machafu hakuna, basi ni “safety”. Kifaransa kitajaribu tena kukupotosha, kwa sababu usalama barabarani kwake ni «sécurité routière», wakati Kiingereza husema “road safety”.

Neno mkimbizi linastahili kusimamiwa kidogo, maana hapa sheria imeingia ndani ya msamiati. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa mwaka 1951, “refugee” ni mtu aliye nje ya nchi yake. Umati uliovuka mpaka kutoka Rwanda mwaka 1994 na kujaa kwenye mawe ya Goma ulikuwa wa “refugees”. Familia iliyotoka Masisi au Rutshuru, humuhumu mkoani, na kulala chini ya hema kwenye mawe yaleyale haikuvuka mpaka wowote. Hao ni “internally displaced people”, na Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2009, ulioanza kutumika mwezi wa Desemba 2012, unawahusu wao. Katika Kiswahili cha mtaani wote wamekimbia, wote ni wakimbizi, na kwa maumivu yao hatuna sababu ya kuwatenganisha. Katika Kiingereza cha ripoti ukiwachanganya, msomaji ataanza kutafuta ni nchi gani waliyotoka.

Hata kukimbia kwenyewe kuna sehemu mbili. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, watu walibeba magodoro kichwani wakaelekea Gisenyi na Sake bila kungoja kuambiwa: “they fled”. Tarehe 27 ya mwezi huohuo mamlaka ya kijeshi ya mkoa iliamuru sehemu za mji zihamwe, kwa hofu ya magma iliyodhaniwa kuwa chini ya ardhi ya mji: hao “were evacuated”. Ni watu walewale, mara nyingine ni godoro lilelile, lakini kitenzi kimebadilika kwa sababu safari ya pili ilikuwa na amri. Na kwa kuwa tumefika hapo, “magma” ni ile iliyo bado chini. Ikishatoka nje huitwa “lava”.

Neno ni sahihi, lakini majirani zake wanalikataa

Dalili: Mwingereza anaelewa, hatoi hoja yoyote, lakini anarekebisha neno lilelile kila mara unapoliandika, na ukimuuliza sababu anasema tu kwamba “sisi hatusemi hivyo”. Jibu hilo huudhi. Hata hivyo ni la kweli, na ni la kitaalamu kuliko anavyojua mwenyewe.

Kivumishi chetu “kali” kitaeleza jambo hili kuliko maelezo marefu. Kisu kikali ni “sharp”. Mbwa mkali ni “fierce”. Mwalimu mkali ni “strict”, na maneno makali aliyoyatoa ni “harsh”. Pombe kali ni “strong”, ugonjwa mkali ni “severe”, jua kali ni “scorching”, pilipili kali ni “hot”. Kiswahili kinaona katika vyote hivi kitu kimoja kinachouma, na nadhani kinaona vizuri. Kiingereza hakikuona hivyo; kila nomino imejioza kwa kivumishi chake, na ndoa hizo hazina kanuni ambayo unaweza kuikariri. Mvua kubwa si “big rain” wala “strong rain”, ni “heavy rain”. Upepo mkubwa ndio “strong wind”. Usingizi mzito ulidhani utakuwa “heavy”, kumbe ni “deep”.

Kwa hiyo usitafute kivumishi. Tafuta nomino, kisha tazama huwa inatembea na nani. Kamusi nzuri za wanaojifunza, zile ambazo zimeandikwa kwa Kiingereza peke yake, hutoa sentensi za mifano chini ya kila nomino, na mifano hiyo ni ya thamani kuliko maana iliyoandikwa juu yake. Penye intaneti, ipo kopasi, yaani hazina kubwa ya matini halisi ambayo unaweza kuipekua kwa neno. Ile ya Uingereza iitwayo British National Corpus ina maneno milioni 100, na ya Marekani imepita bilioni moja. Unaandika “rain”, unaomba maneno yanayolitangulia, na “heavy” linajitokeza juu kabisa. Tafadhali usifanye kosa nililolifanya mwanzoni, la kuandika “strong rain” kwenye mtambo wa kawaida wa kutafutia na kuridhika kwa kuwa matokeo yapo. Matokeo yapo kwa kila kitu. Wako watu wengi duniani wanaokosea pamoja nawe. Linganisha maneno mawili kila mara, usipime moja peke yake.

Hesabu hailingani

Fomu inaonyesha mtoto mmoja mwenye baba wawili, au maelezo ya mtoto aliyepotea yanamfanya avae nguo wakati anapotea. Dalili hizi ni za nadra, tena ni rahisi kuzitibu ukizijua.

Ya kwanza hutokana na undugu. Mtoto anasema “baba” akimaanisha baba mdogo, mkalimani anaandika “father”, na kesho yake mtoto huyohuyo anamtaja baba aliyemzaa. Kiingereza kina “uncle” moja tu kwa baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, kwa hiyo inabidi uongeze upande: “paternal uncle” au “maternal uncle”, na kama umri ni muhimu, useme kwamba ni mdogo wa babake. “Small father” niliyowahi kuiona katika faili humfanya msomaji awaze urefu wa mtu.

Ya pili hutokana na kiambishi chetu cha “-me-”, ambacho katika baadhi ya vitenzi huonyesha hali anayokuwamo mtu. Amelala ni “is asleep”, amechoka ni “is tired”, amevaa ni “is wearing”. Anavaa ndiyo “is putting on”. Tulifundishwa shuleni kwamba “-me-” ni “has”, na ndipo tunapopata mtoto ambaye “has worn” shati la bluu, kana kwamba alishalivua na kuliweka.

Sentensi haina kosa, lakini inasikika kama tangazo la serikali

Msomaji anasema barua yako ni ya baridi, au anadhani umekasirika. Umeandika “commence”, “purchase”, “assist”, “residence”. Kila neno ni sahihi na linapatikana katika kamusi.

Chanzo kiko mbali sana, mwaka 1066, William wa Normandia alipoivamia Uingereza. Baada yake wakubwa wa nchi walisema Kifaransa kwa vizazi vingi, na watu wa kawaida wakabaki na lugha yao. Ndiyo maana mnyama akiwa zizini ana jina la mchungaji, “cow”, “sheep”, “pig”, na akifika mezani ana jina la bwana, “beef”, “mutton”, “pork”. Kiingereza kiliweka maneno yote mawili na kuyapa vyeo tofauti: “begin” na “commence”, “buy” na “purchase”, “help” na “assist”, “home” na “residence”. Sisi tunaopitia Kifaransa huangukia upande wa bwana kila mara bila kujua, kwa kuwa ndilo neno linalofanana na lile tulilonalo kichwani. Mwingereza anayetusoma hasikii adabu ambayo tulikusudia. Anasikia ofisi.

Tiba ni kuandika kwanza neno fupi, lile ulilojifunza mwaka wa kwanza na kulidharau, kisha kulipandisha cheo pale tu ambapo hati ni ya kisheria au ya mkataba.

Neno liko kwenye ncha ya ulimi

Unajua kwamba lipo, uliwahi kulisoma, lakini halitoki. Peter Mark Roget, daktari wa London, alitoa mwaka 1852 kitabu ambacho hakikupanga maneno kwa alfabeti bali kwa mawazo, ili anayeijua maana aweze kulifikia neno, na bado kinachapishwa kwa sura mpya. Siku hizi zipo pia kamusi za kinyume kwenye intaneti, kama ile ya OneLook: unaandika maelezo kwa Kiingereza chako chepesi, nayo inakupa maneno yanayokaribiana. Onyo langu ni moja. Vitabu na programu hizi hukupa visawe bila kukuambia cheo cha neno wala majirani zake, kwa hiyo usichukue kutoka humo neno ambalo hukuwahi kulijua. Yatumie kukumbuka.

Umetafuta kila mahali na neno halipo

Mara nyingi lipo, na umeitafuta maana ambayo hujaikata vizuri. Rudi kwenye maswali manne ya hapo juu. Lakini ziko nyakati ambapo kwa kweli halipo, na hapo kuendelea kutafuta ni kupoteza jioni.

Kuna neno la kwetu ambalo Kiingereza kililichukua kwa kuwa hakikuwa nalo. Kandokando ya Ziwa Kivu, kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano, hewa ya kaboni dioksaidi hujikusanya chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na mbuzi au mtu anayelala humo anaweza asiamke. Wenyeji wanapaita mazuku. Wanasayansi wa volkano wanaoandika kwa Kiingereza nao huandika “mazuku”, na kulieleza mara ya kwanza tu. Mtafsiri wa hapa anayeandika “bad air” au “gas pocket” kwa kuogopa neno la Kiswahili anawapa wataalamu hao kitu kisicho bayana kuliko kile walichonacho.

Njia ya pili ni kulivunja neno katika vitendo vyake. «Tracasserie» ya Kifaransa cha Kongo, ile ya kusimamishwa, kuombwa karatasi ambayo haipo katika sheria na kutozwa kitu kidogo ili upite, haina mwenzake mmoja. “Harassment” humpeleka msomaji kwenye unyanyasaji wa aina nyingine kabisa. Andika kilichotokea: walisimamishwa, walidaiwa pesa bila risiti, walichelewa saa mbili. Kama unahitaji jina la jumla, “petty extortion” hutosha pale pesa zilipodaiwa, na pale zisipodaiwa halitoshi.

Ya tatu ni kulieleza kisha kulibakiza, na hapa ndipo penye mtego wa mwisho. Nilipolazimika kuandika juu ya chukudu nilifuata kamusi kwa uaminifu nikaweka “wooden scooter”. Nikamwonyesha mwenzangu mgeni, na badala ya kumuuliza kama neno ni sahihi, kwa kuwa wageni wenye adabu hujibu ndiyo, nilimpa kalamu na kumwomba anichoree alichokisoma. Alichora ubao mwembamba, magurudumu mawili madogo, na mtoto aliyeweka mguu mmoja juu yake. Nilimwonyesha dirishani chukudu iliyokuwa inasukumwa kupanda barabara, vijana wawili nyuma yake, magunia ya viazi yakiwa yamerundikwa hadi usawa wa vifua vyao. Alitazama karatasi yake, akacheka, akaongeza magunia. Nami nikafuta, nikaandika “chukudu”, na baada yake nikaeleza kwa maneno kumi na mawili kwamba ni chombo kikubwa cha mbao kinachoundwa kwa mkono na kubebea mizigo ambayo pikipiki ingeikataa.